Swali la lugha: Kobu akainuka, ikainuka au likainuka?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tanga. Nawaandikia wadogo zangu kwa Kiswahili mukhtasari wa hadithi za Sakura Taisen za Japani, zile za wasichana wanaoendesha mashine za vita zinazokwenda kwa nguvu za roho zao. Nimekwama kwenye sentensi moja. Sakura anaingia ndani ya mashine yake iitwayo kobu, halafu kobu akainuka, ikainuka au likainuka? Mwenzangu anasema chenye roho kinapatanishwa kwa a-wa, na kobu ina roho, basi yamekwisha. Tena, mashine za vita za namna hiyo niziandike mecha au meka? Na hao wasichana niwaite madereva au marubani?"

Marahaba, mwanangu. Andika ikainuka.

Sasa rudi uisome barua yako mwenyewe. Mwenzako anaitetea a-wa, lakini kasema "kobu ina roho". Hakusema "kobu ana roho". Ulimi wake umeshaamua huku kichwa chake kikiendelea kubishana. Mimi nauamini sana ulimi wa namna hiyo, unaotoa neno kabla mwenyewe hajakaa kufikiri, kwa sababu hapo ndipo sarufi ilipo hasa.

Kosa la mwenzako ni kudhani kwamba a-wa inafuata uhai peke yake. Haifuati. Mwembe uko hai, unakunywa maji, unazaa, unakufa, na bado tunasema mwembe umeanguka. Maiti je? Jana alikuwa mtu, alisema, alicheka. Leo magazeti yanaandika "maiti imepatikana ufukweni" na msomaji hashtuki. Wapo wanaosema "maiti amezikwa", hasa aliyekufa akiwa wao, na siwalaumu hata kidogo. Lakini ukisikia "maiti ilikutwa", jua lugha imetazama ikaona mwili upo na mwenyewe hayupo. A-wa humtaka huyo mwenyewe: anayetaka, anayekataa, anayejiendea.

Ndiyo maana neno moja laweza kukaa pande mbili. Ndege ameruka, huyo ana mbawa na kiota. Ndege imeruka, hiyo imetoka uwanjani na abiria wake. Ndege wangu yumo tunduni, ndege yangu inaondoka saa nne. Kifaru amelala kichakani, lakini kifaru kimeingia mjini kikiwa na mzinga juu. Na hapo angalia vizuri, kwa sababu kifaru cha kijeshi ni binamu wa karibu kabisa wa hiyo kobu yako. Ni chuma kinachotembea, kinapigana, ndani kina watu wenye roho zao, na hata jina lake limeazimwa kwa mnyama. Pamoja na hayo yote, tangu kilipoingia katika lugha yetu kimebaki ki-vi. Watu waliomo ndani hawakukipa a-wa.

Mfano ulio karibu zaidi uko barabarani. Mtu anasema "bodaboda amefika" akiwa na maana ya kijana aliyeitwa kwa simu. Dakika mbili baadaye anasema "bodaboda imezimika" akiwa na maana ya pikipiki. Siku ya ajali ndiyo utaisikia tofauti hiyo kwa uchungu: "bodaboda imeanguka" na "bodaboda ameanguka" si habari moja. Ya kwanza unauliza chombo kimeharibika vipi, ya pili unauliza kalazwa wapi. Kwa hiyo ukiandika "kobu akaanguka", msomaji wako mdogo atadhani Sakura ndiye aliyeanguka. Ukiandika "kobu ikaanguka", atauliza mara moja: na Sakura? Swali hilo la pili ndilo hadithi inalolitaka moyoni mwake.

Kwa wasomaji wengine wasioijua hadithi hii, niseme machache. Sakura Taisen, yaani Vita Kuu vya Sakura, ilianza kama mchezo wa video wa kampuni ya Sega mwaka 1996, ikafuatiwa na michezo mingine, katuni za televisheni, filamu na maonyesho ya jukwaani. Hadithi ya kwanza iko Tokyo ya mwaka 1923, lakini Tokyo ya kubuni, ambamo mvuke ndio unaoendesha karibu kila kitu na mashetani ya kale yanauvamia mji. Wasichana sita ni waigizaji wa jumba la maonyesho mtaa wa Ginza. Hatari ikija wanashuka chini ya jumba hilo na kupanda kobu zao, kila mmoja na rangi yake. Kiongozi wao, Ogami Ichiro, ni afisa kijana wa jeshi la majini, na kobu yake ni nyeupe. Kobu hutaka vitu viwili ili iende: mvuke, na nguvu za roho za aliyemo ndani. Asiye na nguvu hizo hawezi kuitia mwendo.

Basi roho ipo, lakini ni ya nani? Ni ya msichana. Akitoka, kilichobaki ni chuma. Wenyewe Wajapani wanaiita kobu katchu, neno la mavazi ya chuma waliyovaa wapiganaji wao wa zamani. Kiswahili kina neno la kitu hicho, nalo limelala kabatini bila sababu: deraya. Habari za vita bado zinataja magari ya deraya. Ndugu yake ni dirii, ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kutoka Waefeso 6:14, "dirii ya haki kifuani". Ningekuwa mimi, mara ya kwanza ningeandika "kobu, deraya ya roho", kisha ningeendelea na kobu tupu. Na deraya ni i-zi: deraya yake imetoboka, deraya zao zimetoboka. Kobu ikitembea bega kwa bega na deraya, upatanisho hautakusumbua tena. Zikiwa saba, ni kobu saba zikainuka. Usiandike makobu.

Likainuka si kosa, ila inategemea umeliitaje. Ukisema dude, dubwana au jitu la chuma, basi li-ya itakuja yenyewe: dude likainuka. Ila li-ya hukuza na kutisha, na kobu si jitu la urefu wa ghorofa kumi. Msichana hukaa ndani yake kama konokono ndani ya gamba. Yaache madude kwa maadui.

Na hao maadui ndio wanaonifanya nilipende swali lako. Katika hadithi hiyo zipo mashine nyingine, wakiji, zinazotumwa na wachawi wa upande wa pili. Hizo hazina mtu ndani, zinajiendea kwa uchawi. Jina la aina yao kwa Kijapani, maso kihei, limejengwa kwa maneno manne: shetani, kuendesha, mashine na askari. Tazama walivyogawa: mashine ya wasichana ni vazi, mashine ya adui ni askari. Vazi hilo, yaani deraya, ni i-zi; askari ni a-wa. Kwa hiyo kwa wakiji ningekuruhusu, tena ningekushauri, useme "wakiji akageuka, akamtazama". Chuma kisicho na mtu ndani kupewa a-wa, na chuma chenye mtu ndani kunyimwa! Mwenzako ataruka. Lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu ndani ya kobu mwenyewe yumo na tayari ameshaichukua a-wa yake. Ndani ya wakiji hayumo mtu, basi anayetaka na kukataa, machoni pa msomaji, ni wakiji mwenyewe.

Hapo pana mtego mmoja. Hiyo "wa" ya wakiji si kiambishi chetu, ni sehemu ya neno. Mmoja ni wakiji, wengi ni wakiji. Nakuonya kwa sababu najua tulivyo: kitabu tulikipokea kutoka Kiarabu kikiwa kizima, tukaisikia "ki" mbele yake, tukazaa vitabu. Bara wakachukua maneno ya Kiingereza ya kumwambia dereva apite kushoto, wakapata kipilefti, na leo mji una vipilefti. Siku hadithi hizi zikienea vijiweni, atatokea mtu wa kusema mkiji mmoja. Kwenye mukhtasari wako isiwe sasa.

Nilitaka pia ujue kwamba Wajapani wenyewe wana mzozo wa jinsi hii katika sarufi yao. Wana vitenzi viwili vya kusema kitu kipo: iru na aru. Iru ni ya watu, wanyama, hata mizuka. Aru ni ya vitu, na miti imo humo, kama mwembe wetu. Sasa teksi iliyoegeshwa tupu ni aru, lakini teksi yenye dereva wake ndani, tayari kuondoka, huambiwa iru. Dereva ameipa gari uhai wake. Kiswahili hakifanyi hivyo: teksi ipo, awe dereva ndani, awe amekwenda kunywa chai. Lugha zote mbili zimeona tofauti ya chuma kitupu na chuma chenye mtu, ila kila moja imeweka mpaka wake. Hoja ya mwenzako ingekuwa na nguvu zaidi kwa Kijapani kuliko kwa Kiswahili.

Kuhusu tahajia, andika meka. Wajapani hutamka me-ka, na tahajia ya mecha imebaki hivyo kwa sababu ya Kiingereza, ambako "ch" ya neno hilo husomwa k. Mswahili akiona "ch" anaisoma kama ya chai, na ana haki. Ukiandika mecha umemfundisha mdogo wako matamshi ambayo hayapo Tokyo wala London.

Madereva au marubani? Marubani, bila wasiwasi. Dereva ni wa gari na treni. Rubani, kabla hajapanda ndege, alikuwa mtu wa bahari, yule anayejua miamba na mikondo na kuipitisha meli mlangoni mwa bandari, na kazi hiyo ingaliko. Wewe ni wa Tanga, haya unayajua kuliko mimi. Neno linamfaa Ogami, mtu wa jeshi la majini, na linawafaa wasichana. Si lazima useme "rubani wa kike" kila mahali. Jina Sakura linatosha. Kitenzi kiwe kuendesha au kuongoza. Kurusha kuache, maana kobu huenda kwa miguu.

Kupanda nako kunafaa, tena sana, ingawa hukuuliza. Tunapanda gari, tunapanda farasi, na pwani pepo humpanda mtu, na aliyepandwa huitwa kiti. Ukiandika "Sakura akapanda kobu yake", sikio la pwani linasikia mengi kuliko usafiri. Ila usizidishe: usiite nguvu zile nguvu za pepo, kwa sababu anayepanda hapa ni mtu na kinachopandwa ni chuma, kinyume cha kilingeni. Wala usiseme nguvu za kiroho. Kiroho kimeshazoea kanisani na msikitini, na msomaji atadhani Sakura alikuwa akifunga na kusali. Nguvu za roho, kama ulivyoandika mwanzo, ndiyo sahihi.

Najua utafika kwenye jina la kundi lao, Teikoku Kagekidan, na utakwama tena, basi nikusaidie mapema. Kagekidan ikiandikwa kwa herufi za wimbo, mchezo na kundi, ni kundi la maigizo ya nyimbo, kama lile maarufu la wanawake watupu la Takarazuka lililoanzishwa mwaka 1913. Ikiandikwa kwa herufi za ua, shambulio na kundi, ni kikosi cha vita. Sauti ni ileile, jicho ndilo linalotofautisha. Sisi tuna kupiga, ambako kunabeba gitaa na bunduki kwa mkono mmoja, na nilitamani sana kupata jina humo. Lakini "wapigaji" mtaani siku hizi ni wala fedha za umma, na sitaki wadogo zako wawaonee shaka wasichana hao. Kikosi chao chenyewe, Hanagumi, kiite Kikosi cha Maua. Ule mchezo wa herufi waeleze kwa sentensi moja.

Aya yako basi ningeisoma hivi: "Wakiji watatu walikuwa wameshaingia Ginza, mmoja akigeuza kichwa polepole kama anayemtafuta mtu. Sakura akapanda kobu yake, akafunga mlango, akatuliza pumzi. Mvuke ukafuka. Kobu ikainuka."