Tangi Lenye Picha Mjini Merredin

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha ya tangi kuukuu la reli mjini Merredin, Australia Magharibi, lililochorwa nembo ya kibiriti cha Redheads, yaani mwanamke mwenye nywele nyekundu. Je, mji mkavu kama ule ulipata wapi maji?

JIBU: Ndugu msomaji, mwanzoni yalitoka jabalini. Reli ya kwenda kwenye migodi ya dhahabu ilipofika katika miaka ya 1890, injini za mvuke zilihitaji maji mengi, na kwa kuwa hapakuwa na mto wa kutegemewa, zilijengwa kuta fupi za mawe kuuzunguka mwamba wa Merredin Peak, ili maji ya mvua yateremkayo mwambani yafuate mfereji hadi bwawani. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ya busara inastahili kutazamwa hata kuliko picha yenyewe. Mwaka 1903 likafunguliwa bomba la chuma la kilomita 530 hivi, kutoka bwawa la Mundaring hadi Kalgoorlie, mji wa migodi ya dhahabu, lenye vituo 8 vya kusukuma maji, na cha nne kiko Merredin. Mhandisi wake, C. Y. O'Connor, alifariki mwaka 1902 bila kuyaona maji yakifika.