Re: Kubadilisha maana ya herufi za jina la kampuni

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kubaki na herufi zenu tatu huku mkizipa maana mpya, kwa kuwa kazi ya sasa si ile mliyoanza nayo. Mnaweza. LG ilitokana na majina ya kampuni mbili, Lucky na Goldstar. Mwaka 1995 zikabaki herufi mbili tupu, na baadaye ikaja kaulimbiu ya "Life's Good". Leo wapo wanaoamini hiyo ndiyo asili ya jina.

Ila itazame BP, kampuni ya mafuta ambayo herufi zake zilitokana na British Petroleum, kwa makini. Mwaka 2000 walileta nembo ya kijani na njano pamoja na maneno "Beyond Petroleum", yaani kuvuka mafuta, na huku visima vikiendelea kuchimbwa. Mafuta ya kisima chao yalipomwagika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, maneno hayohayo yakawa fimbo ya kuwachapia. Hapo ndipo ninapowaogopea.

Mkiona mnatafuta neno lolote ili mradi lianze na herufi ya mwisho, acheni, herufi zisimame zenyewe kama KFC, iliyokuwa Kentucky Fried Chicken. Kwanza jaribuni kuitamka maana mpya mnapopokea simu ya mteja. Ulimi ukisita, bado hamjaipata.