Sierra au MX-5: lipi la kuchinja?
Ndugu, umeuliza ununue gari lipi kuukuu ulichinje, yaani ulifungue upate vipuri vya gari la mtindo wa Lotus Seven (gari dogo jepesi la michezo, la wazi, la watu wawili) unalounda huko Uingereza. Kati ya Ford Sierra na Mazda MX-5 ya kwanza (1989–1997), mimi nachukua Mazda. Zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, ila Sierra nzima siku hizi ni ya kusaka kwa tochi.

Kutu ya bodi isikutishe, si unaitupa? Lala chini ugonge kwa bisibisi fremu ndogo zinazobeba injini na difu (kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), halafu wishiboni (mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu). Nunua gari linalowaka, uliendeshe usikilize gia. Waya usikate hata mmoja: bandika lebo kila soketi kabla ya kuchomoa. Na hakikisha unapata kadi ya usajili ya gari hilo, utaihitaji ukisajili lile unaloliunda.