Kabla Hujafungua Redio: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu Kituoni

Redio ya mawasiliano, ile ya kurusha na kupokea, ikigoma, anayeanza fani hii hukimbilia bisibisi. Muda si mrefu kifuniko kiko pembeni, skrubu zimezagaa mezani, na chombo ambacho huenda kilikuwa kizima sasa kina waya uliochomoka. Zoea utaratibu mwingine: umeme kwanza, halafu mipangilio ya redio, halafu kebo na konekta, halafu antena, na redio yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Hitilafu nyingi zinazoitwa "redio imekufa" ziko nje ya boksi, na zinanaswa kwa vifaa vitatu tu: multimita ya kawaida, kipimo cha SWR (uwiano unaoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena; 1 ni kamili) na mzigo bandia wa omu 50 (rezista zinazokaa mahali pa antena na kugeuza nguvu kuwa joto).

Mzigo bandia unaweza kuutengeneza mwenyewe. Chukua rezista 20 za kilo-omu 1, kila moja ya wati 2, uziunganishe sambamba. Unapata omu 50 zinazobeba wati 40. Ukitaka kurusha wati 100, rusha kwa sekunde chache tu kisha uziache zipoe. Chagua rezista za filamu ya kaboni au ya oksidi ya metali. Zile za waya uliozungushwa hazifai, kwani ndani yake ni koili, na kwenye masafa ya redio koili haibaki kuwa omu 50. Fupisha miguu ya rezista. Kwenye HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz) milimita kadhaa hazina madhara, lakini kwenye 145 MHz sentimita 2 za waya kati ya konekta na rezista zinatosha kupandisha SWR hadi karibu 1.4.

Sasa umeme. Redio ya HF ya wati 100 hula kama ampea 1 inaposikiliza na kama ampea 20 inaporusha. Tofauti hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Multimita inasoma volti 13.8 redio ikiwa imetulia, mtu anaridhika, anahamia kwingine. Pima wakati redio inarusha, na upime kwenye plagi ya nyuma ya redio, si kwenye pawa saplai. Weka modi ya FM au RTTY (maandishi kwa redio) ili nguvu isipande na kushuka kama inavyofanya kwenye sauti ya SSB (modi ya kawaida ya kuongea kwenye HF), unganisha mzigo bandia, rusha sekunde tano, soma.

Hesabu yenyewe ni fupi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa kila mita. Kebo ya mita 3 ni mita 6 kwa umeme, kwa sababu unakwenda na kurudi, kwa hiyo omu 0.04. Kwa ampea 20 umepoteza volti 0.8 kwenye waya peke yake. Ukitumia waya wa milimita za mraba 6, unapoteza karibu 0.35. Kama chanzo chako ni betri iliyoshuka hadi volti 12.4, na kishikio cha fyuzi kimeingia kutu kikala nusu volti nyingine, redio inabaki na 11.1. Redio nyingi zimeundwa kwa volti 13.8 zikiongezeka au kupungua kwa asilimia 15, yaani zisishuke chini ya 11.7. Chini ya hapo sauti inakwaruza, masafa yanayumba, au redio inajizima kila unapotamka neno kwa nguvu.

Usijaribu kutafuta kiungo kibovu kwa kupima omu. Waya za multimita zenyewe zina omu 0.2 au zaidi, wakati kiungo kinachokutesa kina 0.05. Weka multimita kwenye volti za DC, gusisha ncha moja upande huu wa kishikio cha fyuzi na nyingine upande wa pili, kisha rusha. Kiungo kizima kinasoma sehemu ndogo tu ya volti. Kikisoma volti 1, mtuhumiwa unaye mkononi: volti 1 mara ampea 20 ni wati 20 za joto katika kipande cha chuma chenye ukubwa wa ukucha. Kiguse baada ya kuacha kurusha, utahisi. Mara nyingi plastiki yake imeanza kugeuka kahawia na bamba za fyuzi zimepoteza mng'ao. Kubadilisha fyuzi peke yake hakusaidii, badilisha kishikio. Endelea hivyo kiungo kwa kiungo, waya chanya na waya hasi, maana hasi nao hupoteza volti sawasawa na chanya na wengi huusahau.

Mipangilio haihitaji maelezo mengi, ila usiiruke kwa sababu ya aibu. Mwenye redio ya mkononi anayesikia repita (kituo kinachopokea na kurusha upya) lakini repita haimjibu, aangalie toni ya kurusha (mlio wa chini unaoifungua repita), kwa mfano 88.5 Hz, kisha tofauti kati ya masafa ya kurusha na ya kupokea na upande wake, kujumlisha au kutoa. Anayesikika lakini yeye hasikii kitu, karibu kila mara amewasha toni ya kupokea ambayo repita haiirushi. Sauti yake ikisemwa ni ndogo sana, huenda redio iko kwenye upana wa 12.5 kHz wakati wenzake wako 25. Kwa FT8 (modi ya kidijitali inayotumia kompyuta), saa ya kompyuta isikosee zaidi ya sekunde 1 hivi, modi iwe USB (upande wa juu wa SSB) hata kwenye bendi ya mita 40, na sauti inayoingia redioni ipunguzwe mpaka ALC (kipimo cha udhibiti wa nguvu cha redio) isikae juu.

Kwenye kebo ndiko muda mwingi unapopotea, basi tukae hapo. Tenganisha ncha zote mbili kwanza. Antena nyingi, kama J-pole (yenye umbo la herufi J) au zenye baluni (kifaa cha kuunganisha kebo na antena) ya aina fulani, husoma shoti kwenye multimita ilhali ni nzima, na ukipima zikiwa zimeunganishwa utadanganyika. Ncha zikiwa huru, waya wa katikati hadi wavu wa nje (nyuzi za shaba zinazouzunguka) pasisome chochote. Kisha fungia shoti ncha ya mbali. Sasa upande wako usome chini ya omu 1 au karibu na hapo. Wakati unapima, pindapinda kebo sentimita chache nyuma ya kila konekta. Namba ikirukaruka, konekta hiyo ikatwe na ifungwe upya.

Konekta ya PL-259 ina makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni risasi ya kuunganishia (solda) iliyomwagwa kwenye pini ya katikati bila kushika waya: kwa nje inang'aa, ndani waya unaelea. Pini na waya vipate joto la kutosha ili risasi ivutwe ndani yenyewe, na waya usuguliwe kwanza kama umeshakuwa mweusi. La pili ni unywele mmoja wa wavu uliogusa katikati. Unaweza usionekane kwa macho, lakini wati 100 zitauona. Ukikata konekta mbovu na kukuta wavu wa shaba umekuwa mweusi au wa kijani, maji yameshaingia, na yanapanda ndani ya wavu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Kata nusu mita, tazama tena. Kama bado ni mweusi, tupa kebo. Kuikausha juani hakurudishi kitu, kwa sababu kutu ya shaba inabaki.

Kwa kuzuia maji, zungushia konekta mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, ukianzia chini na kupanda juu, ili kila tabaka lifunike la chini yake kama vigae vya paa. Juu yake weka mkanda wa umeme wa kuukinga na jua. Kabla kebo haijaingia ndani ya nyumba, iache ining'inie kama tumbo ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata kebo mpaka kwenye redio.

Kuna mtego mmoja ambao kila anayeanza VHF (masafa ya 30 hadi 300 MHz) anapaswa kuujua. Kebo ya RG-58 kwenye 145 MHz hupoteza karibu desibeli 20 kwa mita 100. Ukiwa na mita 30, zinapotea desibeli 6: unatia wati 50, juu zinafika kama 12 na nusu. Sasa fikiria antena imekatika kabisa huko juu. Nguvu yote inarudi, lakini inapoteza desibeli 6 nyingine ikiteremka, na kipimo chako chini kinaonyesha SWR ya takribani 1.7. Mtu anaona 1.7, anasema antena iko sawa, anaanza kuilaumu redio. SWR nzuri chini ya kebo ndefu na nyembamba si ushahidi wa chochote. Panda na mzigo bandia, uufunge mahali pa antena pamoja na kipimo cha nguvu, usome kinachofika kweli.

Kipimo kikionyesha tatizo liko kwenye antena, tazama namna SWR inavyobadilika. Ikipanda ghafla kwenye bendi zote, kuna waya uliokatika au shoti. Ikipanda mvua inaponyesha na kurudi jua likitoka, kuna maji kwenye kiungo. Ikicheza na upepo, kuna kiungo kilicholegea. Ikianza vizuri kisha ikapanda taratibu unavyoendelea kurusha, pete ya baluni inapata moto. Na ikibadilika unaposhika au kusogeza kebo, basi mkondo unatembea nje ya wavu, na kebo imegeuka sehemu ya antena.

Hili la mwisho lina dalili zake: maikrofoni inachoma mdomo, kompyuta inapoteza muunganisho wa kebo ya USB katikati ya kurusha, sauti inaharibika kwenye bendi moja tu. Punguza nguvu hadi wati 10. Dalili zikiisha, rudisha wati 100 lakini kwenye mzigo bandia. Zikiwa bado hazipo, tiba iko karibu na antena: zungusha RG-58 mara 12 kwenye pete ya feraiti ya mchanganyiko namba 31 yenye kipenyo cha milimita 61, uiweke pale kebo inapokutana na dipole (antena ya waya mbili zinazotoka katikati). Pete za unga wa chuma, zile za njano au nyekundu, zinafanana nazo kwa umbo lakini hazifanyi kazi hii.

Urefu wa dipole ya nusu wimbi kwa mita ni 143 gawanya kwa MHz. Kwa 7.1 MHz ni mita 20.1, yaani kama mita 10 kila upande. Anza na urefu uliozidi kidogo. Ukikata waya wa mita 20.4 na SWR ya chini kabisa ikaangukia 6.95 MHz, zidisha 20.4 kwa 6.95, gawanya kwa 7.10: unapata 19.97. Punguza sentimita 21 kila upande. Usikate mara moja. Kunja ncha urudi nyuma na uuviringishe kwenye waya wenyewe, pima, ndipo ukate. Na kisanduku cha kulinganisha antena hakitengenezi antena mbovu. Kinaipa redio omu 50 inazotaka. Upotevu ulioko kwenye kebo unabaki palepale.

Mahali ambapo dipole inaweza kuangukia nyaya za umeme ni mwiko kuifunga, hata kama ndipo inaposikia vizuri. Vivyo hivyo usifungue amplifaya ya valvu bila mtu aliyezoea kuwa karibu: kapasita zake hushika volti elfu kadhaa baada ya plagi kuchomolewa.

Baada ya yote hayo, kama redio inakosea hata kwenye mzigo bandia ikiwa na umeme mzuri, sasa ifungue. Ila uliza kwanza: bendi moja au zote? Nguvu ikipungua kwenye bendi moja tu, tazama relei na kapasita za kichujio cha bendi hiyo. Hizi hupasuka kwa kurusha kwenye SWR kubwa. Ikipungua kwenye bendi zote, soma ampea. Redio iliyozoea kula 20 ikila 10 na kutoa nguvu pungufu sana, huenda transista moja kati ya jozi ya mwisho imekufa. Badilisha zote mbili kwa pamoja, na kabla ya kurusha kwa nguvu kamili weka upya mkondo wa kupumzika (ule wa transista kabla ya kupewa mawimbi) kama kitabu cha fundi cha redio hiyo kinavyoelekeza, vinginevyo mpya nazo zitaungua. Kama tatizo ni kusikia tu, yaani stesheni zinafifia baada ya kurusha kisha zinarudi ukibonyeza tena kitufe cha kuongelea kwa sekunde moja, hapo hamna transista ya kubadilisha: ni relei ya kubadili kati ya kurusha na kupokea, ncha zake zimeshika uchafu.