Mapipa Matatu, Taka Bado Zimechanganyika

SWALI: Ofisi yetu ina wafanyakazi 40. Tuliweka mapipa matatu ya rangi, tukabandika na maandishi, lakini mnunuzi wa karatasi amekataa magunia yetu akisema yameota ukungu. Tunakosea wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kosa kubwa ni chai. Kikombe kilichobaki na chai kidogo hulowesha karatasi zote zilizo chini yake, na zikikaa hivyo mpaka Ijumaa hazifai tena. Wekeni ndoo ya lita 10 kando ya mapipa, watu wamwage chai na maji humo kwanza. Kikombe chenyewe, hata kama ni cha karatasi, kina utando wa plastiki ndani, kwa hivyo kisichanganywe na karatasi. Tishu, risiti za mashine na karatasi zilizofungia mandazi pia zikae kando.

Kisha ondoeni vikapu vya chini ya meza. Mwenye kikapu miguuni hainuki, hata mumhubirie vipi. Mwachieni boksi tupu la rimu kwa karatasi kavu pekee. Mapipa matatu yakae pamoja, kwani pipa likiwa peke yake hupokea kila kitu. La chupa litobolewe tundu la duara la sentimita 10, la karatasi liwe na ufa mwembamba. Na badala ya kuandika “plastiki”, gundisheni chupa halisi kwenye kifuniko. Hilo halihitaji maelezo.

Sasa fuatilieni jioni. Anayefanya usafi akipewa gunia moja, atamimina yote humo, na wafanyakazi wakimwona hawatajisumbua tena. Mpeni magunia matatu, na mkikutana kuzungumzia taka naye awepo. Mara nyingi yeye ndiye anayejua ni idara gani inayochafua mapipa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka ofisi za umma na za kibinafsi kutenga taka zinazooza na zisizooza, kwa hivyo si hiari ya meneja.

SWALI: Betri kuukuu na taa za mirija ziende pipa gani? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hakuna hata moja kati ya mapipa hayo matatu. Taa za mirija zina zebaki: zirudisheni kwenye maboksi yake bila kuzivunja. Betri za simu na kompyuta zibandikwe selotepu kwenye ncha za chuma, kwani zikigusana na chuma kingine zinaweza kuwaka. Zote zikabidhiwe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.