Nyanya za Entebbe na madoa meusi

Dada, umeniuliza kuhusu nyanya zako za Entebbe. Majani yenye madoa ya kahawia iliyokolea, utando mweupe chini yake asubuhi na shina kuwa jeusi: huo ni ugonjwa wa bakajani chelewa. Hupenda ubaridi na majani yanayokaa na maji kwa saa nyingi, ndiyo maana imekuvamia mara tu mvua za Septemba zilipoanza.

Miche iliyooza shina ing'oe leo, uichome au uifukie kwa kina. Usiitupe kwenye mboji, tafadhali. Mvua na upepo vitarudisha vimelea shambani.

Iliyobaki ifunge kwenye vijiti, ondoa machipukizi ya pembeni na majani yote ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Fanya hivyo majani yakiwa makavu. Kisha tandaza nyasi kavu, zisiguse shina. Ukimwagilia, maji yaende kwenye mizizi.

Mankozebu, dawa ya ukungu, hukinga tu, haiponyi jani lililokwisha kuugua. Kwa kawaida ni gramu 50 kwa bomba la kunyunyizia la lita 20, ila fuata lebo ya pakiti yako, hasa siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Nyunyiza hadi chini ya majani, urudie baada ya siku 7. Wengi hunyunyiza mawingu yakiwa yameshatanda, na dawa yote huoshwa kabla haijakauka.

Msimu ujao panda maharage hapo. Viazi mviringo hapana, ugonjwa ni uleule. Ukipanda nyanya tena, nafasi iwe sentimita 60 kati ya miche.