Mama Mkwe Amegeuza Nyumba Yangu Kyela

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Njombe. Nimeolewa Mbeya, tumepanga Uyole, na nafanya kazi ya ofisi mjini. Tuna mtoto wa miezi tisa. Mwezi Machi mama mkwe alitoka Kyela akaja kusalimia, na mpaka leo hajaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe hataki. Kila asubuhi anaamka analalamika kichwa, anasema ni baridi, mimi naona ni uvivu. Usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani, dirisha analiziba na nguo, nyumba nzima inanuka moshi mpaka blauzi zangu za kazini. Mtoto analala naye kwa kuwa mimi naamka saa kumi na moja. Anampa uji bila kuniuliza. Chakula kila siku ndizi, na mume wangu anakula mpaka analamba vidole. Wiki iliyopita alinimwagia chooni losheni yangu ya shilingi 35,000 niliyochanganyiwa Tunduma, eti ndiyo inamtoa mtoto vipele. Kazini nako bosi ananikata jicho nikitoka mapema kwenda kunyonyesha. Nikimlalamikia mume wangu usiku anageukia ukutani analala. Dada wa kazi naye aliondoka Machi hiyo hiyo bila sababu, wakati nilikuwa namlipa 40,000 na chakula juu. Nimrudisheje mama huyu kwao bila kuvunja ndoa?*

*Mkwe Aliyechoka, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Mtoto mchanga, ofisi, na daladala za Uyole za asubuhi: pole sana. Pole imetosha, sasa tuongee.

Naanza na jiko, kwa sababu hilo halingoji mume wala kikao. Usiku wa leo litoke chumbani. Umenisimulia habari za blauzi kunuka, halafu ukapita mbio kwenye jambo lenyewe: mama anaamka na kichwa kila siku, dirisha limezibwa nguo, na mwanao analala humo humo. Hicho kichwa si cha uvivu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Unachokisikia wewe kwenye blauzi ni moshi tu. Mkaa ukishakolea, moshi ukaisha, ndipo watu wanauona salama na kuuingiza ndani, na hapo ndipo unapoua. Hewa hiyo inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu anaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na akiwa usingizini hapati hata nafasi ya kusema anaumwa. Mtoto huzidiwa upesi kuliko mtu mzima. Huku kwetu nyanda za juu tumeshazika watu kwa ajili ya jiko la kuotea, kisha matanga yanaisha watu wakinong'ona uchawi.

Usiniambie utafungua dirisha kidogo. Jiko libaki nje. Kesho mpeleke mama na mtoto kituo cha afya, na umweleze daktari habari ya mkaa kwa mdomo wako, usiishie kusema "kichwa".

Hapo mama mkwe kakosea, nakubali, na kwenye barua yako sijaona kosa lake jingine. Kyela iko chini kule kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, mpunga na kokoa vinastawi kwa joto. Uyole inakaribia mita 1,800. Wewe wa Njombe baridi umezaliwa nayo, ndiyo maana unamwona mwenzako mdekaji. Mama wa Kyela analala Uyole mwezi wa Julai na umempa blanketi gani? Hukuandika. Nenda Mwanjelwa kwenye mitumba, chukua blanketi zito, soksi nene na sweta la kulalia. Ile 35,000 ya losheni ingetosha, na chenji ingebaki.

Sasa tuhesabu miezi. Dada wa kazi kaondoka Machi. Mama mkwe kaja Machi. Unasema alikuja kusalimia! Mtu wa kusalimia hapewi mtoto wa kulala naye. Mimi nasema huyu mama aliitwa, na kama hukumwita wewe, basi mwanawe ndiye aliyemwita, naye akaacha mpunga wake kwa nani sijui, akapanda Kosta na mikungu yake ya ndizi kuja kuziba pengo. Unanitajia jembe? Jembe alipewa siku aliyoshuka stendi. Anapika, analea, anamwogesha mtoto wewe ukiwa ofisini, na usiku analala na mtoto ili wewe uamke na nguvu. Kutwa nzima nyumba hiyo inaendeshwa na mtu ambaye unataka nikufundishe kumfukuza.

Na dada naye hakuondoka "bila sababu". Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Wewe ulikuwa unatoa 40,000 na kunitajia chakula kana kwamba ni zawadi. Huyo binti alipiga hesabu akaona. Bibi yeye hujamlipa hata hiyo arobaini, na bado unamwona mzigo.

Uji: mtoto akishatimiza miezi sita anahitaji chakula pamoja na maziwa ya mama, na wako ana tisa. Ulitaka bibi akupigie simu kila akishika mwiko? Ndizi: kama umezichoka, ingia jikoni Jumamosi upike unachokipenda. Mwanaume aliyelelewa kwa ndizi akilamba vidole si dharau kwako.

Jambo la bosi ndilo lililonifanya nirudie barua yako mara ya pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, kwa jumla isiyozidi saa mbili kwa siku. Ni haki yako, si hisani ya mtu. Kwa hiyo anayekukosea kweli ni bosi, lakini yeye umempa sentensi moja, tena ya upole. Mama mkwe umempa karibu barua nzima. Bosi unamwogopa, bibi humwogopi, basi hasira za ofisini zinashukia jikoni kwake. Kamwone ofisa rasilimali watu, mwandikie barua fupi, taja sheria yenyewe na saa unazotaka kutoka. Utashangaa nyumbani kutakavyotulia.

Tuje kwenye losheni. Losheni haichanganywi na dada wa Tunduma kwenye kopo lisilo na jina. Huo ni mkorogo wa kujichubua ngozi, mwanangu, uite hivyo hivyo. Mikorogo mingi ina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini kwenye vipodozi. Steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, kidonda kidogo hakiponi upesi. Zebaki inaharibu figo, na haiishii kwa anayejipaka, inahamia kwa wa nyumbani kupitia ngozi, taulo na shuka. Mwanao unamlaza kifuani kumnyonyesha, shavu lake liko juu ya hicho ulichojipaka. Vipele vyake sivijui, daktari ataviona, lakini bibi aliyemwaga lile kopo aliona kitu ambacho mama mtu hakutaka kukiona. Angekuuliza kwanza? Ndiyo, adabu ilitaka akuulize. Ungekubali? Hapana. Ngozi yako ikipasuka kwa upepo wa Uyole, Vaseline ya kawaida inatosha, pakaa ukitoka kuoga kabla mwili haujakauka.

Mumeo nimemtafuta kwenye barua nikamkuta mara mbili tu, mara anakula, mara amegeukia ukutani. Simteti, maana mama ni wake na kumleta nadhani alimleta yeye. Lakini mwanaume anayesikia mke na mama wakikwaruzana akajifanya amelala hajalala, anasubiri mmoja wenu achoke. Mwamshe. Tena mchana, akiwa ameshiba.

Ndoa zenu hizi za siku hizi zinanichosha. Harusi mnaikalia vikao vya kamati miezi, kadi za michango zinatusumbua hadi huku vijijini, mnagombana juu ya rangi ya sare na keki ya ghorofa ngapi. Kikao cha kuulizana mtoto akizaliwa atashikwa na nani, na tutamlipa nini, hicho hakuna. Mtoto akifika mnakumbuka kwamba kuna bibi Kyela, kuna bibi Njombe. Anaitwa. Akija mnataka awe kama umeme, afanye kazi ukutani asionekane, na mkishamaliza mzime. Mama zetu nao walilelewa na mama wakwe, ila wao walijua kusema asante, na mama mkwe akiondoka alifungashiwa. Siku hizi anasindikizwa na mnuno.

Kwa hiyo kumrudisha kwao ni hivi. Kwanza mtafute dada mwingine na umlipe mshahara halali. Waulize wizara ya kazi kiwango cha sasa. Akae na bibi wiki kadhaa ajifunze mtoto anavyopenda kulala. Kisha wewe na mumeo, si wewe peke yako, mkae na mama sebuleni, mumeo aanze kuongea. Mshukuruni. Mwulizeni angependa kurudi lini, na akitaja siku msimpunguzie hata moja. Mnunulie kitenge kizuri, sukari, na mfuko wa viazi vya kwenu Njombe akawaonjeshe wenzake. Mumeo atoe nauli na kitu cha mkononi, na nyote wawili mumsindikize mpaka stendi ya Nane Nane. Inawezekana kabisa mkifika hapo wewe ndiye utakayemwomba abaki mpaka mtoto atembee. Ukimwomba, blanketi liwe limeshanunuliwa.

Na kama umebakiza mkorogo kidogo kwenye pochi ya kazini, maana nakufahamu, usimpe jirani.